Kimelea chenye doti sitini: mhadhara kuhusu protini za malaria

Ndugu waganga, wanafunzi wa tiba na wenzetu wa maabara, asanteni kwa kuja hapa Mwanza. Mliotoka Sengerema nimefurahi kuwaona mapema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kisingizio cha foleni ya kivuko kimekwisha.

Leo tuzungumzie protini. Chanjo na vipimo vyetu vya haraka vya malaria, kila kimoja kimeegemea protini fulani ya kimelea. Kabla ya kukiamini, tuulize: kimelea kinaweza kuibadili protini hiyo na bado kikaishi?

Tuanze na kinyonga mwenyewe. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ikishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu, hupandisha juu ya chembe hiyo protini iitwayo PfEMP1. Hiyo ndiyo inayoinatisha chembe kwenye mishipa midogo, isipite kwenye wengu ikaharibiwa. Lakini kilicho nje huonekana, na kingamwili hukifuata. Basi kimelea kimejiwekea akiba: jeni zipatazo 60, ziitwazo var, na hutumia moja tu kwa wakati. Mfikirieni mtu mwenye doti 60 za kanga. Umemkariri kwa ya leo, kesho katoka na nyingine. Ndiyo maana mtoto wa Ukerewe huugua tena na tena, na kinga yake huja polepole mno.

Doti moja inawahusu sana wenzetu wa kliniki ya wajawazito. VAR2CSA hunata kwenye kondo la nyuma. Mama aliyekulia hapa ana kinga ya miaka mingi, lakini hii hajawahi kuizoea, kwa sababu hajawahi kuwa na kondo. Kwa hiyo mimba ya kwanza humtesa kuliko ya tatu. Akikwambia "mimi malaria nimeizoea", mpe SP yake, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, hata hivyo.

Aina zote hizi zinatoka wapi? Jeni za var hubadilishana vipande hata ndani ya damu yetu, lakini mchanganyiko mkubwa hufanyika tumboni mwa mbu. Kwetu kimelea hujigawa tu. Dume na jike vya kimelea hukutana ndani ya Anopheles, mbu wa malaria. Mvuvi aliyeambukizwa Ukara, akaambukizwa tena Kirumba, huenda akabeba koo mbili za vimelea. Mbu mmoja akimnyonya, wanazaliwa vimelea wapya wenye jeni za pande zote mbili.

Sasa chanjo. RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na R21 iliyofuata 2023, zote zimejengwa juu ya CSP, protini ya juu ya kimelea kile kinachoingizwa na mbu, ya ukoo mmoja wa maabara, 3D7, ambao asili yake ni mgonjwa wa Uholanzi. Uchambuzi wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, RTS,S ilikinga kwa takriban asilimia 50 dhidi ya vimelea vyenye CSP inayofanana na ya chanjo, na asilimia 33 dhidi ya vingine. Binafsi sioni sababu ya kuikataa. Asilimia 33 ni watoto wengi. Ila ninaoutazama kwa hamu ni utafiti wa chanjo ya RH5, protini ambayo kimelea hakithubutu kuichezea, maana bila hiyo hakiingii kwenye chembe nyekundu.

Vipimo navyo vina mtego wake. mRDT, yaani vipimo vya haraka, nyingi hutafuta protini ya HRP2, na kuna vimelea vilivyoifuta jeni hiyo kabisa. Viligunduliwa kwanza Peru, baadaye vikaisumbua Eritrea. Kipimo hasi, mgonjwa anatetemeka: rudini kwenye hadubini.

Na ng'ambo ya ziwa, Kagera, kuna jambo la karibu zaidi. Kwenye protini ya K13, kubadilika kwa asidi amino moja tu, R561H, kunafanya artemisinini, dawa iliyo ndani ya dawa mseto ya malaria, ichelewe kuua vimelea. Rwanda iliripoti badiliko hilo mwaka 2020, kisha Karagwe ikafuata. Dawa mseto bado inaponya kwa sababu ya dawa mwenza iliyomo. Meli ya Bukoba hulala njiani usiku mmoja tu, na abiria hawapimwi jeni. Kwa hiyo ninyi wa maabara, mkiombwa tone la damu kwenye karatasi ya kukaushia ili jeni za vimelea zipimwe, msilione usumbufu. Hapo ndipo R561H itaonekana kwanza Mwanza.

Nimeona mkono kule nyuma. Karibu, dada.