Kutia mpira kwenye koo linalotikisika

Asalaam aleikum, wenzangu. Nawaona manesi mmejaa safu ya mbele. Sisi madaktari, kama kawaida yetu, tuko karibu na mlango. Leo ni habari ya kutia mpira wa kupumulia kwenye koo la mgonjwa huku kifua chake kikigandamizwa, na kifaa kipi cha kutazamia kinafaa.

Juzi tulililaza sanamu la mazoezi juu ya meza. Mmoja akagandamiza kifua, mara 110 kwa dakika, sentimita 5 kwenda chini. Mwenzake akashika laringoskopu ya video, kifaa chenye kamera cha kutazamia koo, ile ambayo ulimi wake, yaani kipande kinachoingia kinywani, umepinda kama ndoana. "Naziona nyuzi za sauti, wazi kabisa!" Tukangoja. Mpira ukagonga pembeni, ukateleza, ukagonga tena. Picha anayo, mpira hauingii.

Ulimi ule huchungulia kona ambayo mpira haufiki mpaka utiwe waya mgumu uliopindwa vilevile. Na kifua kikibonyea tu, lango la hewa limehama.

Laringoskopu zenye mfereji ubavuni, kama Airtraq na Pentax, hupunguza tabu hiyo, maana mpira umo ndani ya kifaa chenyewe. Ni kama kutunga uzi ndani ya mashua ya Mokowe msimu wa kusi: mashua inarusha, lakini sindano na uzi vyote vi mkononi mwako, vinayumba pamoja. Ubaya ni unene. Kinywa kisipofunguka vizuri, umekwama.

Sasa mleteni mvuvi aliyezama. Povu, maji ya chumvi, wali wa mchana. Sanamu halitapiki, jamani! Tone moja kwenye kamera na skrini yote imekuwa ukungu. Ndiyo maana mimi, nikiambiwa ninunue kimoja tu, nachagua chenye ulimi wa umbo la Macintosh, lile lililopinda kidogo tu, la tangu 1943, kama C-MAC yenye ulimi wa kawaida. Kamera ikizibwa, nainama natazama kwa jicho langu. Na mashine ya kufyonza iwe inanguruma tayari, si ndiyo kwanza inatafutwa kabatini.

Anayegandamiza kifua asikome. Ikibidi sana, mwongozo wa Ulaya wa kuhuisha moyo unampa mtiaji chini ya sekunde 5, mpira unapopita kati ya nyuzi. Ukishindwa, rudi kwenye barakoa na mfuko, usione haya. Na ukiingia, usiniambie "niliuona kwenye skrini". Nionyeshe kwenye monita wimbi la kaboni dioksaidi, ile hewa anayoitoa mgonjwa.

Haya, nani anaanza? Mwenye viatu virefu avivue, kigoda chetu kinateleza.