Saa Iliyotengenezwa Ichelewe

Shikamooni wazee wangu, vijana, hamjambo. Naona saa ya ukutani hapo iko nyuma dakika nne. Kwa kikao chetu si neno. Huko juu ingekuwa balaa.

Dereva wa bodaboda akifungua ramani kwenye simu, wengi hudhani setilaiti inamwona. Haimwoni. Setilaiti ya GPS, yaani mfumo wa kutambua mahali ulipo, iliyo kilomita 20,200 juu yetu, haijui hata kama simu hiyo ipo. Yenyewe hutangaza tu kama redio: mimi ni fulani, niko mahali fulani, sasa hivi ni saa fulani. Simu ndiyo hupiga hesabu. Tangazo limetoka lini, limenifikia lini? Tofauti hiyo, kama sehemu saba za mia za sekunde, ukiizidisha kwa kasi ya mwanga unapata umbali.

Hapo ndipo pagumu. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, umbali unapotoka kilomita 300: uko Kariakoo, hesabu inakuweka Mombasa. Kwa hiyo setilaiti hubeba saa za atomiki, zinazohesabu wakati kwa atomi za rubidiamu au sesiamu. Simu haina saa hiyo, ina kipande cha kwatsi cha bei nafuu, nacho hakiaminiki. Ndiyo sababu huhitaji setilaiti nne: tatu za kujua ulipo, na ya nne kuikosoa saa ya simu yenyewe.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Einstein. Kwa hesabu zake, saa iliyo kwenye mwendo kasi huchelewa. Ya setilaiti hupoteza maikrosekunde 7, yaani sehemu saba za milioni za sekunde, kwa siku. Tena, saa iliyo mbali na mvuto wa dunia hukimbia. Hiyo hiyo huongeza 45. Ukitoa, zinabaki 38 za kutangulia. Kidogo? Ni zaidi ya kilomita 11 za umbali kila siku!

Mwaka 1977 Wamarekani walirusha setilaiti ya majaribio, NTS-2, yenye saa ya sesiamu. Wapo wahandisi waliokuwa na shaka na nadharia hiyo. Basi kifaa cha kurekebisha kiliwekwa ndani, kikaachwa kimezimwa. Wakakaa siku 20 wakiitazama saa. Ilikimbia karibu kabisa na vile hesabu ilivyosema, tofauti haikufika hata asilimia moja. Wakakiwasha.

Leo saa za GPS hutegwa zikiwa bado chini. Mapigo yanayotakiwa ni megahezi 10.23, yaani milioni 10.23 kwa sekunde, fundi huziweka kwenye 10.22999999543. Ukiipima karakanani utasema inachelewa, na kweli inachelewa. Ipandishe kwenye mzingo wake, itakwenda sawa na zetu za hapa chini.

Naam, mzee wangu, mkono nimeuona. Karibu na swali.