Stesheni ya Syokimau na Abiria Asiye na Gari

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa mipango miji, na ninyi wakazi wa Mavoko mlioitoa Jumamosi yenu ili tuzungumze, hamjambo.

Tarehe 13 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki aliifungua stesheni ya Syokimau, kando ya Barabara ya Mombasa, yapata kilomita 16 kutoka stesheni kuu ya Nairobi. Shangwe ya siku ile ilikuwa na sababu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji wenyewe ulianza kama kambi na karakana ya reli. Lakini kwa miongo mingi baada ya Uhuru tulizoea kuiona reli ikichakaa, na ni vijana wachache waliowahi kuona stesheni mpya ya abiria ikijengwa katika nchi yao. Ninaipenda stesheni hii na ninataka idumu. Kwa sababu hiyo nitatumia muda niliopewa kutetea jambo moja: Syokimau ilipangwa hasa kwa ajili ya mwenye gari, ilhali uhai wake katika miaka ijayo utategemea asiye na gari.

Wazo la awali lilieleweka. Mtu atoke nyumbani, aliache gari lake kwenye maegesho ya stesheni, apande treni, na aukwepe msongamano wa Barabara ya Mombasa. Kwa hiyo eneo bora kabisa, lile lililo karibu na lango, lilitengwa kwa magari. Sasa tufanye hesabu. Gari moja, ukijumlisha na nafasi ya kuingilia na kugeuzia, huhitaji takriban mita 25 za mraba. Hekta nzima basi hubeba magari 400, na kwa kuwa mengi huja na mtu mmoja, hekta hiyo huipa reli abiria 400 au wachache zaidi kwa asubuhi yote, kisha hukaa imejaa magari yaliyolala hadi jioni. Ardhi hiyohiyo ikiwa steji, matatu ya abiria 14 itashusha na kuondoka kwa dakika mbili, nyingine ishike nafasi yake, na nyingine tena. Sisemi maegesho yaondolewe. Ninasema yasikalie mlango.

Kuna jambo la pili ambalo haliwezi kuonekana kwenye picha za ufunguzi, nalo ni kugeuza treni. Treni inayovutwa na kichwa cha deseli ikifika mwisho wa njia, kichwa hakina budi kukatwa kutoka kwenye mabehewa, kupita njia ya pembeni, kuzunguka treni nzima, kurudi na kuungwa upande wa pili. Pointi, yaani reli za kubadilishia njia, zigeuzwe, breki zijaribiwe, ndipo ishara ya kuondoka itolewe. Hayo yote hula dakika, na dakika hizo huliwa asubuhi, wakati ambao zinahitajika zaidi. Mwaka 2020 Shirika la Reli la Kenya lilipoleta treni za deseli zilizokuwa zimetumika Hispania, ambazo injini zake ziko ndani ya mabehewa yenyewe na chumba cha dereva kiko kila upande, tatizo hilo lilipata dawa: dereva hushuka upande mmoja, akatembea hadi upande wa pili, na treni iko tayari kurudi. Kwangu mimi hilo ni badiliko kubwa kuliko paa lolote zuri la stesheni.

Lakini hata kwa treni za namna hiyo, hesabu ya ratiba ni ngumu. Tuseme mwendo wa wastani, pamoja na kusimama Imara Daima na Makadara, ni kilomita 30 kwa saa. Safari ya kwenda mjini itachukua dakika 32, na kurudi vivyo hivyo. Ongeza dakika nane za kugeuza kila upande, na mzunguko mmoja unakuwa dakika 80. Treni moja ikitoka Syokimau saa kumi na mbili asubuhi, itatoka tena saa moja na dakika ishirini, kisha saa mbili na dakika arobaini, na hiyo ya tatu itafika mjini baada ya saa tatu, wakati mfanyakazi wa ofisini ameshachelewa. Kwa treni moja, basi, kuna safari mbili tu zenye manufaa. Aliyekosa ya kwanza husubiri zaidi ya saa moja, na hatasubiri. Atavuka barabara apande matatu, ambayo huondoka ikijaa. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya reli hii ya zamani ni njia moja, huwezi kuongeza treni kwa kutaka tu: treni mbili zinazoelekeana lazima zipate mahali pa kupishana. Fedha zikipatikana kesho, mimi ningezipeleka kwanza kwenye njia za kupishania na ishara, kabla ya kujenga stesheni nyingine nzuri mahali pengine.

Wenzetu wa Dar es Salaam walianza mwaka uleule kwa njia tofauti kabisa. Mwishoni mwa Oktoba 2012, majuma mawili hivi kabla ya Syokimau kufunguliwa, treni za abiria za jijini zilianza kwenye reli zilizokuwapo tayari, moja ikienda Ubungo kwa reli ya kati na nyingine kwa reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, na wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Vituo vingi vilikuwa sehemu ya kawaida ya kusimama, bila jengo la fahari. Huko treni ilitangulia na majengo yakabaki nyuma; kwetu jengo lilitangulia. Siwezi kusema kwamba njia moja ni sahihi kwa kila mji, lakini abiria wa Dar es Salaam alionyesha kwamba atapanda treni hata penye jukwaa duni, mradi treni ipo na wakati wake unajulikana.

Mwaka 2017 reli ya kisasa, yaani SGR, ilianza safari za Mombasa, na kituo chake kikuu cha Nairobi kikajengwa hapa Syokimau. Ghafla mwisho wa reli ya wafanyakazi ukawa mlango wa mji kwa wasafiri kutoka pwani. Reli hizo mbili hazilingani upana: ya zamani ni milimita 1,000, ya kisasa ni 1,435, kwa hiyo Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, haiwezi kuendelea hadi katikati ya mji kwa reli ya zamani, na abiria hushuka na mizigo yake kuingia treni ya kuunganisha. Jambo hilo limeiletea njia yetu watu wapya. Limeleta pia mvutano wa ratiba, kwa sababu treni inayongoja wasafiri wa Mombasa haiwezi wakati huohuo kumtumikia karani wa Syokimau anayetaka kufika kazini.

Kisha mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu, Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye njia ya kuingilia papa hapa Syokimau. Tafakarini maana yake kwa stesheni. Mtu yuleyule aliyekusudiwa mwaka 2012, mwenye gari na mwenye uwezo, sasa anaweza kulipa na kupita juu ya msongamano hadi karibu na ofisi yake ya Upper Hill au Westlands, ilhali treni humwacha chini kule stesheni kuu, naye atafute matatu ya pili. Asiyeweza kulipa ada hiyo kila siku, anayetoka kwenye nyumba za kupanga za Mlolongo na za barabara ya Katani, ndiye ambaye treni inaweza kumfaa kweli. Huyo haji na gari. Anakuja kwa miguu au kwa bodaboda, gizani, mvua ikinyesha, akiwa na mtoto au mzigo.

Kwa nini basi njia yake ya miguu haijengwi? Jibu moja liko katika sheria. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, reli ni kazi ya serikali ya kitaifa, ilhali barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani ni kazi ya kaunti. Stesheni ilifunguliwa miezi michache kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Tangu hapo uzio wake umekuwa mpaka wa mamlaka: ndani ni Shirika la Reli, nje ni Kaunti ya Machakos, na treni ikifika mjini abiria anashukia Nairobi. Mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji, NaMATA, iliyoundwa mwaka 2017, inajumuisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, na ndiyo meza pekee ambapo wenye reli na wenye barabara wanaweza kuketi pamoja.

Ninawaomba wakazi mpeleke kwenye meza hiyo mambo yanayoweza kupimwa. Njia ya miguu yenye taa na mtaro, kutoka Mlolongo na kutoka Katani hadi langoni. Steji ya matatu na bodaboda mahali ambapo leo panaegeshwa magari ya kwanza. Tiketi moja inayokubaliwa kwenye treni na kwenye matatu ya stesheni kuu kwenda Upper Hill. Na treni ya jioni ya mwisho iondoke mjini baada ya maduka kufungwa, kwa sababu muuzaji wa dukani anayetoka kazini saa mbili usiku hawezi kuitegemea reli asubuhi ikiwa anajua haitamrudisha nyumbani.