Asilimia ya nini? Mazungumzo na wazazi, walimu na watahiniwa wa darasa la saba, Masasi

Shikamooni wazee wangu. Wazazi wenzangu, habari za mchana. Na ninyi watoto mliokaa mbele hapa, sogeeni, nafasi ipo.

Mwenyekiti amenipa nusu saa niseme juu ya mafumbo ya asilimia na mwendokasi. Jambo hili nimelisema Newala, nimelisema Nachingwea, nimelisema Lindi mjini, na leo nalisema tena, kwa sababu kila nikisahihisha majaribio nakutana na kosa lile lile. Watoto wetu wanajua kuzidisha. Wasichojua ni hiyo asilimia ni ya nini.

Tuanze na korosho, maana hapa hakuna asiyewahi kuokota. Mama mmoja ana kilo 90 za korosho mbichi, unyevu wake asilimia 20. Akazianika mpaka unyevu ukafika asilimia 10. Sasa zina kilo ngapi?

(Watoto: Themanini na moja!)

Nilijua! Mmetoa 10 kwenye 20, mkabaki na asilimia 10, mkatafuta asilimia 10 ya 90 mkapata 9, mkaitoa. Hakuna aliyekosea kuzidisha wala kutoa, na jibu bado si lenyewe. Na kwenye maswali ya kuchagua, hiyo 81 mtaikuta imekaa pale kwenye herufi B au C inawasubiri. Mtunzi wa mtihani anajua ni wapi mtateleza, na ameshaliweka jibu lenu hapo. Kwa hiyo msifurahi kwa kuwa mmelikuta kwenye machaguo.

Tuianike wote. Maji ni asilimia 20 ya kilo 90, yaani kilo 18. Zinabaki kilo 72, ambazo ni korosho yenyewe. Jua linakausha maji, korosho hailiwi na jua. Kwa hiyo hata baada ya kuanika, korosho yenyewe ni kilo ngapi? (Sabini na mbili!) Haya. Unyevu umekuwa asilimia 10, basi 72 ni asilimia 90 ya mzigo mkavu. Asilimia 10 ni 8. Mzigo wote ni kilo 80. Asilimia 20 ya mwanzo ilikuwa ya kilo 90, asilimia 10 ya mwisho ni ya kilo 80. Mizigo miwili tofauti, na ninyi mkatoa moja kwenye nyingine kana kwamba ni mzigo mmoja.

Fumbo hili niliwahi kwenda nalo kwa dada yangu, kijiji kimoja cha Tandahimba. Mwanawe alikuwa darasa la saba, akaandika haraka: 81. Dada yangu alikuwa barazani anageuza korosho kwenye mkeka. Hakumaliza darasa la nne. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Kaka, kinachotoka ni maji tu. Wewe anza na kile kisichotoka." Kalamu hakushika. Lakini miaka yote anaona gunia alilolipima nyumbani wiki ya kwanza halilingani na lile analolifikisha ghalani, na anajua kilichopungua ni kitu gani. Njia ya kutatua fumbo zima alikuwa nayo mkononi, na mwanawe alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake akifanya alichozoeshwa darasani: ukiona asilimia, izidishe na namba iliyo jirani. Hilo linaniuma mpaka leo. Walimu wenzangu, tumewafundisha watoto kukimbilia namba kabla hawajajua kinachoendelea kwenye mkeka.

Najua kuna mwalimu huko nyuma anasema moyoni: huyu naye, watoto wangu saba mara nane hawaijui, yeye analeta unyevu! Mwalimu, saba mara nane ni lazima, wala sibishani nawe. Lakini hawa walioimba 81 wanaijua vizuri, na ungewaongezea kuzidisha mwaka mzima, wangeipata 81 ile ile kwa haraka zaidi.

Mwendokasi ni ugonjwa huo huo. Bodaboda anapanda kutoka hapa kwenda Newala, tufanye ni kilometa 60 ili namba ziwe nyepesi. Kwa sababu ya mlima anakwenda kilometa 30 kwa saa. Kurudi anateremka kwa kilometa 60 kwa saa. Mwendokasi wake wa wastani? Mtoto anajumlisha 30 na 60, anagawa kwa 2, anapata 45. Hapana! Kupanda alitumia saa 2, kuteremka saa 1. Kilometa 120 kwa saa 3 ni 40. Muda mwingi ameumaliza mlimani, kwa hiyo mlima ndio unaovuta wastani. Ile pembetatu ya umbali, mwendokasi na muda mnayoichora pembeni ya karatasi haiwezi kuwaambia hilo. Chukua umbali wote, gawa kwa muda wote.

Na saa. Basi limeondoka Mtwara saa 11:30 alfajiri, likafika saa 2:30 asubuhi, umbali kilometa 180. Mtoto anatoa 2:30 kwenye 11:30, anapata saa 9, anaandika mwendokasi kilometa 20 kwa saa. Basi gani hilo linaloachwa na baiskeli? Saa yetu ya Kiswahili inaanza upya asubuhi, kwa hiyo badili kwanza iwe mtindo wa saa 24: 0530 mpaka 0830, saa 3, basi kilometa 60 kwa saa. Tena saa 1 na dakika 30 haiandikwi 1.3. Ni 1.5.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya faida na hasara, na riba, sitaweza. Haraka tu: bidhaa inauzwa shilingi 118,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Bei kabla ya kodi ni 100,000. Ukitafuta asilimia 18 ya 118,000 ukaitoa, utapata 96,760, nayo si sahihi, kwa sababu ile asilimia 18 ni ya bei ya kwanza.

La kufanyia nyumbani, andikeni. Korosho ilikuwa shilingi 2,000 kwa kilo, ikapanda kwa asilimia 25. Ishuke kwa asilimia ngapi irudi 2,000? Wazazi, mtoto akisema 25 msimkaripie, na jibu msimpe. Mwambieni aishushe kweli kwa 25 kwenye karatasi, aone imefika 1,875, halafu aanze upya.