Saa Tano Usiku: Leseni ya Chakula cha Moto na Jirani wa Ghorofani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, tena jioni ya siku ya kazi. Nikitazama humu ndani naona wamo wenye maduka ya chakula na wamo wanaolala juu ya maduka hayo. Nimefurahi. Kwa kawaida huwa naitwa na upande mmoja, na upande mmoja ukiwa peke yake hukubaliana nami upesi mno.

Mada yetu ni leseni za maduka ya chakula cha kubeba yanayofanya kazi usiku wa manane hapa England na Wales. Scotland wana sheria yao ya 1982, sitaigusa. Nianze na sheria yenyewe, kwa sababu wengi wanaolalamika hawajui leseni inagusa nini hasa, na wanaoiomba nao hawajui.

Sheria ya Leseni ni ya mwaka 2003 na ilianza kutumika kikamilifu Novemba 2005. Ndiyo iliyozitoa leseni za pombe mikononi mwa mahakimu ikazipeleka halmashauri, hizi tunazoziita kaunsili. Lakini ndani yake kuna kifungu ambacho hakihusu pombe hata tone: ukitaka kuuzia umma chakula cha moto au kinywaji cha moto kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, lazima uwe na leseni. Neno la kushika hapo ni moto. Keki, soda, sandwichi baridi, uza mpaka kukuche, leseni hii haikuhusu. Na kama kuna mtu anawaza kuuza pizza iliyopoa kisha mteja akaipashe kwenye maikrowevu pale kona, pole sana, walishaliona hilo. Chakula ambacho mteja anaweza kukipasha mlemle dukani kinahesabiwa kuwa cha moto.

Mtu atauliza, moto una kosa gani? Hauna. Ila chakula cha moto saa nane za usiku huvuta watu waliotoka baa, na chakula cha moto hupikwa, kwa hiyo hungojewa. Wakati kuku anakaangwa, watu wanane wamesimama nje wanaongea. Kisha wanakula wamesimama, kwa sababu hawana haraka na nyumbani ni mbali. Kero yote ya usiku inaishi ndani ya hizo dakika za kungoja na za kula. Bunge la Uingereza lilianza kudai leseni kwa nyumba za viburudisho za usiku tangu 1860, kwa hiyo malalamiko haya yana umri mkubwa kuliko majengo mengi tunayokaa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Ombi la leseni linapowasilishwa, mwombaji hubandika tangazo dukani, kwenye karatasi ya buluu iliyopauka, na tangazo hilo hukaa siku 28. Hutangaza pia kwenye gazeti la eneo. Polisi, zimamoto, maofisa wa afya ya mazingira, mipango miji na wengine kadhaa hupelekewa nakala. Ndani ya siku hizo 28, mtu yeyote anaweza kuandika maoni yake. Zamani ilibidi uwe unaishi karibu na duka. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2012. Siku 28 zikiisha na hakuna aliyeandika kitu cha maana, halmashauri haina hiari tena. Inatoa leseni kama ilivyoombwa. Hakuna kikao, hakuna diwani atakayepima wala kutafakari. Sheria inasema itoe, inatoa.

Watu hushangaa sana nikiwaambia hivyo. Wanadhani mahali fulani kuna afisa anayekaa na kujiuliza kama mtaa huu unafaa duka la kebabu la saa tisa usiku. Hayupo. Yupo jirani anayesoma karatasi ya buluu akiwa anapita na mifuko ya soko, au hayupo mtu kabisa.

Na ukiandika, andika kuhusu yale yanayosikilizwa. Sheria ina malengo manne: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa watu, kuzuia kero kwa umma, na kuwalinda watoto na madhara. Nje ya hayo manne, barua yako haina uzito. Kwamba thamani ya nyumba itashuka, haihesabiki. Kwamba maduka ya namna hiyo tayari yapo matatu na la nne litaua biashara ya wenzake, haihesabiki. Kwamba chakula chenyewe ni cha mafuta mengi, nacho hakihesabiki, hata daktari wako akikuunga mkono.

Kinachohesabiki ni kile unachoweza kukionyesha. Kuna kesi moja ninayoipenda ingawa iliwaumiza wakazi. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ilisikiliza shauri la baa moja huko Wirral. Halmashauri ilikuwa imeiongezea saa, wakazi wakakata rufaa kwa mahakimu, mahakimu wakazipunguza saa zile wakihofia vurugu. Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi wa mahakimu. Polisi hawakuwa wamepinga, na hofu ile haikuwa na ushahidi wa kutosha chini yake. Ni kesi ya baa, lakini mawakili wa maduka ya chakula huitaja pia. Kwa hiyo usiandike "tunaogopa kutakuwa na kelele". Andika ulichokisikia, siku gani, saa ngapi, kilidumu kwa muda gani, na kilimfanya nani aamke. Kama duka bado halijafunguliwa, eleza mtaa ulivyo sasa hivi saa nane usiku: ukuta una unene gani, chumba cha mtoto kiko upande upi, watu wa baa ya jirani wanapita wapi wakitoka.

Nataka tukae kidogo kwenye kelele, maana hapa hesabu inasaidia kuliko hasira. Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya 1999 lilipendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na kishindo cha ghafla kisizidi 45. Sasa pigeni picha. Mtu anayezungumza kawaida, ukiwa mita moja naye, unapata kama desibeli 60. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua kama 6. Dirisha lako liko mita nne juu yake: 60 imekuwa 48. Dirisha lililofunguliwa kidogo hukata kama 15. Imebaki 33. Kwa hiyo mteja mmoja mstaarabu anayeongea na mwenzake chini ya dirisha lako amevuka mstari wa 30 kidogo tu, na wengi wetu tungelala. Huyohuyo akimwita rafiki yake aliye ng'ambo ya barabara, sauti inafika 80 bila taabu. Toa 12, toa 15. Ndani ya chumba chako ni 53. Umeamka.

Maana yake ni kwamba wastani wa usiku mzima haukuambii kitu. Mlango wa gari, kicheko, yowe la mtu mmoja mlevi, pikipiki ya kupeleka chakula inayowashwa, hivyo ndivyo vinavyoamsha watu. Mwenye duka anakuja kwenye kikao na ripoti nzuri ya mtaalamu inayoonyesha wastani, na kila kilichomo ni kweli, na aliyeko ghorofani bado hajalala tangu Alhamisi.

Feni ya kufyonza moshi ni habari nyingine. Hiyo hunguruma kwa mfululizo, na mara nyingi mtetemo wake hupita ukutani badala ya hewani, kwa hiyo kufunga dirisha hakusaidii. Bahati nzuri ndiyo kero rahisi kuliko zote kuitibu: mipira ya kuzuia mtetemo chini ya mota, kizuia sauti kwenye bomba, na mtu wa kusafisha mafuta yasigande ndani. Nyie wenye maduka, fanyeni hilo kabla hamjaombwa. Ni fedha kidogo kuliko wakili.

Maoni yakiingia, kikao huitishwa, kwa kawaida mbele ya madiwani watatu. Huhitaji wakili. Si mahakama, ingawa wengine huvaa tai kana kwamba ni mahakama. Na hapa niseme jambo ambalo wengi wetu hulikwepa: jina lako. Ukiandika maoni, mwombaji hupewa nakala, na jina na anwani yako kwa kawaida vimo. Nimewaona watu wakiacha kuandika kwa sababu hiyo tu, hasa pale mwenye duka anapokuwa mtu wa jamii yao, wanayekutana naye msikitini au kanisani. Siwalaumu. Kama una sababu ya kweli ya kuogopa, iambie halmashauri mapema. Inaweza kuficha utambulisho wako katika mazingira ya pekee. Njia nyingine ni kumwomba diwani wako aandike kwa jina lake mwenyewe.

Kikaoni, nawashauri msiende kudai leseni ikataliwe. Inawezekana, lakini ni nadra, na mara nyingi mtaondoka mikono mitupu. Nguvu iko kwenye masharti. Mlango wa wateja ufungwe saa saba, baada ya hapo chakula kitoke kwa wapelekaji tu. Wapelekaji wangoje ndani, injini zimezimwa. Taka zisitolewe nje usiku. Mfanyakazi atoke kuokota maboksi mbele ya duka kabla ya kufunga. Simu ya meneja ijulikane kwa majirani, na ipokelewe. Sharti likishaandikwa kwenye leseni lina meno: kufanya biashara nje ya masharti ni kosa la jinai, na adhabu yake inafika miezi 6 jela au faini isiyo na ukomo, au vyote viwili.

Lakini sharti libaki la kutekelezeka. "Wateja waondoke kwa utulivu" ni maneno ya kubandika ukutani. Nani atayatekeleza, kijana mmoja aliye nyuma ya kaunta na oda kumi na tano? Hata mwongozo wa Wizara ya Mambo ya Ndani unakubali kwamba watu wakishatoka kwenye eneo la karibu na duka, tabia zao ni jukumu lao wenyewe. Mimi naona hapo ndipo sheria inapomwacha mkazi njiani. Anayetapika mlangoni kwako mita mia mbili kutoka dukani hahesabiwi ni wa duka, ingawa sote tunajua boksi alilonalo limetoka wapi.

Kibali cha mipango miji ni kitu kingine kabisa, na watu wanavichanganya kila siku. Unaweza kuwa na leseni hadi saa nane usiku na kibali cha mipango kinachosema funga saa tano. Saa tano unafunga. Huko England, tangu Septemba 2020 duka la chakula cha kubeba limewekwa katika kundi lake la peke yake, kwa hiyo kugeuza duka la nguo kuwa la chipsi kwa kawaida kunahitaji kuombewa kibali. Mwaka 2017 kamati ya Bunge la juu ilipendekeza kamati za leseni ziunganishwe na zile za mipango. Serikali ikakataa. Mkazi anabaki kufuatilia ofisi mbili.

Na kama ulichelewa, leseni ikatoka, usikate tamaa. Leseni haifi kwa tarehe, lakini mkazi anaweza kuomba ipitiwe upya. Madiwani wanaweza kubadilisha masharti, kuisimamisha hadi miezi 3, au kuifuta. Asiyeridhika, wa upande wowote, ana siku 21 za kwenda kwa mahakimu.

Nimeulizwa hapa mbele na mama mmoja, na swali ni zuri: yeye amehamia mwaka huu, duka alilikuta, feni aliikuta, je, ana haki ya kusema? Ndiyo, mama. Hoja ya kwamba umeikuta kero haimwokoi mwenye kero. Hilo lilisemwa London mwaka 1879, katika kesi ya mtengeneza pipi ambaye vinu vya jikoni kwake vilikuwa vimetwanga zaidi ya miaka 20 kabla daktari wa jirani hajajenga chumba cha kuonea wagonjwa ukutani mwake. Daktari alishinda. Wewe hata huhitaji kufika huko. Sheria ya mazingira ya 1990 inailazimu halmashauri kuchunguza lalamiko lako la kelele au harufu, na wakiridhika ni kero lazima wachukue hatua. Piga simu kwa afya ya mazingira kesho. Ila waombe waje usiku. Mara nyingi wanakuja saa nne asubuhi, feni imezimwa, wanaandika kwamba hawakusikia kitu.