Kipindi cha 31: Lenzi ya Babu

AIKA: Karibuni tena, tuko Moshi. Mimi Aika, na huyo anayetafuna karanga kwenye kinasa sauti ni Godi.

GODI: Za kuchemsha, dada. Hazina kelele.

AIKA: Jumanne nimeaibika mbele ya kidato cha nne. Nafundisha kusoma ramani. Nimeskani ramani ya 1:50,000, nimeitia kwenye programu ya notsi kwenye kile kishikwambi cha sensa ya 2022 tulichogawiwa walimu, naiangaza ukutani. Nataka waone kontua, ile mistari ya kimo, zinavyobanana kwenye korongo. Navuta kwa vidole viwili, korongo linajaa ukuta. Mtoto ananyoosha mkono: "Mwalimu, hapo ni wapi?" Narudisha, kontua zimekuwa nywele. Navuta tena, wamepotea tena. Kipindi kizima niko kama nakanda unga.

GODI: Chapati ngapi zilitoka?

AIKA: Usiku nikawaandikia wenye programu. Nimewaomba lenzi. Nazungushia duara pale kwenye korongo, kipande kile kinatokea pembeni kimekuzwa, mstari unaonyesha kilikotoka, na kinabaki kwenye ukurasa hata nikifungua kesho. Kwenye iPhone yako si kipo, ukihariri picha? Kitone cha buluu kinapanua duara, cha kijani kinaongeza ukuzaji.

GODI: Kumbe unataka lenzi ya babu.

AIKA: Usianze, Godi.

GODI: Wapo wasikilizaji wageni! Jamani, babu yetu wa Kibosho alikuwa na lenzi ya mpini mweusi, anakagulia buni. Akiona tundu kama la sindano, anajua mdudu yumo ndani. Hakuna mjukuu wa kuigusa. Sasa siku hiyo babu yuko kwenye mbege kwa jirani, jua la saa sita, dada mmoja, simtaji, analeta jani kavu la mgomba...

AIKA: Nilikuwa na miaka kumi na moja.

GODI: ...anashusha lenzi polepole mpaka lile doa la mwanga linakuwa dogo kama punje ya ulezi. Moshi mwembamba ukaanza. Tukafurahi! Halafu upepo.

AIKA: Ilikuwa rundo moja tu la majani.

GODI: Lililokuwa na kuku anayeatamia! Alitoka anapiga kelele mpaka bibi akadhani ni kicheche. Tumezima kwa maji ya ng'ombe. Na lenzi haijaonekana mpaka leo.

AIKA: Uliibeba wewe.

GODI: Mimi? Nina miaka saba, nimebeba ndoo!

AIKA: [anacheka] Turudi. Unaniunga mkono au huniungi?

GODI: Sikuungi. Sentimita 2 kwenye ramani yako ni kilomita 1. Ukikuza mara mbili, ndani ya duara imeshakuwa 1:25,000, nje bado 1:50,000. Ukiwachapia ukurasa huo, mtoto anatandaza uzi wake juu ya mto, unapita nje, unaingia kwenye lenzi, unatoka. Atapata kilomita ngapi?

AIKA: Lenzi ni ya kuangalia. Kupima wapime kwenye ramani.

GODI: Hayo mwambie mtoto aliye kwenye mtihani. Kule steshenari kwangu, mtu akitaka A5 iwe A4 nabonyeza asilimia 141 kwenye mashine ya kopi, karatasi yote inakua pamoja. Hakuna kipande kinachodanganya.

AIKA: Na hakuna kipande kinachoonekana kuliko kingine! Ndicho kilichoniangusha Jumanne.

GODI: Basi programu iandike kipimo kipya ndani ya duara.

AIKA: Itajuaje kama ile ni ramani au picha ya mende? Inaweza kuandika "mara 2", basi.

GODI: Mara 2 ya urefu au ya eneo? Maana 141 yangu ndiyo inayozidisha eneo mara mbili.

AIKA: Ya urefu, Godi! Kila mtu anajua ni ya urefu.

GODI: Wateja wangu hawajui. Kila siku narudia kopi.

AIKA: Sibadilishi ombi langu.

GODI: Na mimi sisaini.

AIKA: Haya, kwaya iko mlangoni, wanataka chumba chao. Na tuliwaahidi hatua tatu za kuandika ombi likasomwa...

GODI: Ya kwanza tuma picha ya ukurasa, usi...

AIKA: Wanaingiza kinanda, Godi.

GODI: Dada, ule mpini. Uliungua au haukuungua?

AIKA: Zima hiyo.