Nyonga Inauma na Bado Unataka Kukimbia: Upasuaji Upi?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naona humu wakimbiaji, wacheza mpira, na watu ambao kazi yao ni kusimama kutwa. Swali linalowaleta wengi wenu ni moja: upasuaji upi wa nyonga ndio bora? Jibu halipatikani mpaka tujue mambo mawili: gegedu la nyonga yako, yaani utando laini unaofunika mifupa ndani ya kiungo, limebaki kiasi gani, na mifupa yake ina umbo gani. Umri unafuata baadaye. Ukubwa wa kovu uwe wa mwisho kabisa, ingawa wengi huanza nao.

Kwanza tuhakikishe kinachouma ni nyonga. Maumivu ya kiungo chenyewe hukaa kinenani. Yakiwa takoni na kushuka mpaka chini ya goti, mara nyingi chanzo ni mgongo. Yakiwa upande wa nje, yakizidi usiku ukilalia ubavu huo, kwa kawaida ni kano za misuli ya matako, na hakuna upasuaji nitakaoutaja leo utakaoyaondoa. Pakiwa na shaka, daktari huchoma sindano ya ganzi ndani ya kiungo akiongozwa na ultrasaundi. Maumivu yakipotea kwa saa chache, tumempata mkosaji. Yasipopungua hata kidogo, usiharakishe kukubali kisu.

Halafu eksirei. Omba ya nyonga zote mbili kwa pamoja, umesimama, na nyingine ya ubavuni. Muulize daktari akuonyeshe vitu vitatu kwa kidole. Cha kwanza ni nafasi kati ya kichwa cha mfupa wa paja na kikombe chake. Hiyo ndiyo gegedu, kwa kuwa gegedu lenyewe halionekani kwenye picha. Ikiwa chini ya milimita 2, upasuaji wa kuokoa kiungo huwa umechelewa. Cha pili ni jinsi kikombe kinavyofunika kichwa: pembe yake ikiwa zaidi ya nyuzi 25 ni kawaida, chini ya 20 kikombe ni kifupi. Cha tatu ni nundu pale kichwa kinapokutana na shingo ya mfupa.

Gegedu likiwa zima na nundu ipo, tunazungumzia upasuaji wa kamera. Hupitishwa kwenye matundu mawili au matatu, mguu ukivutwa ili kiungo kiachane kidogo. Nundu husagwa, na ukingo laini unaozunguka kikombe, ambao hukiziba kama raba ya kifuniko cha sufuria ya presha, hushonwa palipochanika. Utatembelea magongo wiki 2 hadi 4, na michezo ni baada ya miezi 4 hadi 6. Kule kuvutwa mguu kunaweza kuacha ganzi sehemu za siri au kwenye paja. Kwa wengi huisha yenyewe. Upasuaji huu unaposhindwa, sababu kubwa ni tatu: nundu haikusagwa yote, gegedu lilikuwa limeshakwisha, au kikombe kilikuwa kifupi na hakuna aliyekipima.

Lakini msiuone mwepesi mkauanza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha upasuaji huu na mazoezi tiba kwa wagonjwa 348. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliopasuliwa waliwazidi wenzao kwa kiasi, si kwa mbali. Kwa hiyo miezi mitatu ya mazoezi ya kweli ya misuli ya matako na tumbo, chini ya mtaalamu, ni sehemu ya matibabu, na anayeiruka anajinyima.

Kikombe kikiwa kifupi na gegedu zima, dawa yake ni kukigeuza. Reinhold Ganz na wenzake walianza njia hiyo Bern, Uswisi, mwaka 1984: mfupa unaozunguka kikombe hukatwa, kikombe kikageuzwa kifunike kichwa vizuri, kisha hufungwa kwa skrubu. Ni upasuaji mkubwa. Wiki 6 hadi 8 hukanyagi kwa uzito wote, na nguvu kamili huweza kuchukua mwaka. Ila kwa mtu wa miaka 28 mwenye kikombe kifupi, ndio unaompa nafasi ya kuishi na nyonga yake mwenyewe kwa miaka mingi.

Kwetu kuna jambo linalotakiwa kusemwa kwa sauti: selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Damu ikikosa njia, kichwa cha mfupa wa paja hufa, na huwapata vijana kabisa. Dawa za steroidi na pombe nyingi hufanya vivyo hivyo. MRI, yaani picha ya sumaku, huliona mapema, eksirei ikiwa bado safi. Kabla kichwa hakijabonyea, mfupa unaweza kutobolewa ili kupunguza shinikizo ndani yake. Kikishabonyea, kutoboa hakusaidii. Na mgonjwa wa selimundu asiingie chumba cha upasuaji wowote bila daktari wa damu kuhusishwa: maji ya kutosha, joto, oksijeni, na uamuzi kuhusu kuongezewa damu kabla.

Gegedu likiwa limekwisha, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchonga kichwa na kukivika kofia ya metali, mfupa wa paja ukibaki. Andy Murray, mcheza tenisi wa Uingereza, alifanyiwa hivyo London Januari 2019, baada ya upasuaji mwingine wa nyonga hiyohiyo mwaka uliotangulia kutomtosha, na Oktoba akachukua ubingwa wa mashindano ya Antwerp, Ubelgiji. Msikimbilie mfano huo. Kifaa hicho ni metali juu ya metali, kofia ikisuguana na kikombe cha metali, na chembe za metali hizo, kobalti na kromiamu, huweza kuingia kwenye damu. Mwaka 2010 aina iitwayo ASR iliondolewa sokoni. Kinawafaa zaidi wanaume wenye mifupa mikubwa na figo nzima. Mwanamke anayetarajia kuzaa kwa kawaida hapewi.

Ya pili ni kubadilisha nyonga yote, kichwa na kikombe vyote vikawa bandia, njia ambayo John Charnley aliikamilisha Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hii ndiyo yenye rekodi ndefu kuliko zote: uchambuzi wa mwaka 2019 ulikadiria kuwa nyonga bandia 58 katika kila 100 hudumu miaka 25, na plastiki za leo za kikombe bandia ni imara kuliko zilizohesabiwa humo. Kutembea, kuogelea, baiskeli, ruksa. Kukimbia marathoni kila mwaka, madaktari wengi hawashauri.

Hatari ni maambukizi, damu kuganda mguuni, mguu mmoja kuwa mrefu, na kuteguka. Nyonga iliyowekwa kwa kupitia nyuma huweza kuteguka ukiikunja kupita nyuzi 90 huku goti likiingia ndani. Kwa hiyo muulize daktari kabla ya kusaini: ataingilia mbele au nyuma, ataweka kichwa bandia chenye kipenyo cha milimita ngapi (32 au 36 huteguka kwa nadra kuliko 28), na lini, kama itawezekana, utaruhusiwa kuchuchumaa chooni na kukaa kitako kwenye swala. Akisema wiki za mwanzo usichuchumae, kiti cha choo kinunuliwe na kufungwa nyumbani kabla hujalazwa.